Ustadh Aliyegawa Seva

Ukitaka kumkosesha raha Ustadh wetu wa kompyuta, usihangaike kumtukana. Acha kipande kimoja cha keki mezani kisicho na mwenyewe. Atakitazama. Atazungumza nawe vizuri tu, huku akikitazama. Mwisho atauliza kwa upole, "Hiki cha nani?" Ukimjibu kwamba ni cha yeyote atakayekitaka, ataomba kisu.

Nimemjua tangu kidato cha kwanza na sasa niko cha nne, na sijawahi kumwona akiacha kitu bila kukigawa. Chaki huzigawa. Viti vya maabara, ambavyo ni vichache kuliko makalio, alivigawa kwa zamu ambazo hakuna azielewaye ila yeye. Hata adhabu huigawa. Walimu wengine darasa likipiga kelele hutuadhibu sote kwa jumla, wakaenda zao. Ustadh huketi kwanza akafanya uchunguzi: nani alianza, nani alicheka, nani alimchekea aliyecheka. Kisha hutoa hukumu. Aliyeanza afagie nusu ya uwanja. Waliocheka, theluthi. Aliyewachekea waliocheka ana sudusi yake kule karibu na choo. Ukijumlisha, uwanja umekwisha, hakuna jani lililobaki bila mfagiaji. Mimi sikumbuki siku niliyopata chini ya nusu.

Ugonjwa huu una chanzo. Jumatatu mpaka Ijumaa Ustadh hufundisha kompyuta shuleni kwetu Mtopanga. Jumamosi hugawa mirathi. Mwislamu akifariki upande wetu huu, akaacha nyumba pamoja na watoto wasiosalimiana, hitima ikisha anayeitwa ni yeye. Hukaa mkekani, akanywa chai, akasikiliza kila mtu mpaka aliye mbali kwa simu. Kisha husema: mke thumni, mama sudusi, na kinachobaki ni cha watoto, kwa mafungu yao. Watu hutoka hapo wamenyamaza, jambo ambalo kwa baadhi ya familia ni muujiza. Sifa yake ilikuwa moja tu, na ilitosha: hajapata kukosea.

Kwa macho, ni mtu mrefu wa kanzu na kofia ya viua. Mfuko wa kifuani, pale ambapo walimu wengine huweka kalamu, yeye huweka brashi ndogo ya rangi ya kufutia vumbi kwenye vibodi vya kompyuta. Huongea polepole. Salamu zake huanza na wewe, zikapita kwa wazazi, zikamjulia hali bibi, na kompyuta zetu, ambazo ni kongwe, huwahi kuwaka zote kabla hajamfikia bibi.

Flashi hazitaki kabisa. Ukikamatwa nayo maabara hupokonywa, hurejeshewa siku ya kufunga shule, ikiwa imefungwa kwenye karatasi kama kitu kilichokufa.

"Flashi ni mswaki," husema. "Wa mwenzio huutumii."

"Na kama umeoshwa, Ustadh?" nilimuuliza siku moja.

"Wautumia wewe uliooshwa?"

Nilipata nusu ya uwanja.

Na mtu huyuhuyu, bingwa wa nafasi na mipango, simu yake imejaa tangu nimjue. Hawezi kupiga picha hata moja. Jamaa zake humtumia kila asubuhi picha za maua na video za watoto wa ndugu wakisoma alfabeti, naye hafuti hata moja. Riziki, mwenzangu wa darasani, alijitolea kumsafishia.

"Haya maua, Ustadh, nifute?"

"Nimepewa hayo."

"Lakini yako mara kumi na moja, yaleyale."

"Basi nimepewa mara kumi na moja," akasema Ustadh, akairudisha simu mfukoni.

Mwanzoni mwa mwaka huu kampuni moja ya bandarini ilibadilisha mitambo yake, na seva yao ya zamani ikaangukia kwetu. Ilikuja kwenye mkokoteni, imefunikwa blanketi, na Ustadh alitembea kando yake kutoka barabarani mpaka chumba kilicho ubavuni mwa maktaba. Kwa asiyejua, seva ni kompyuta yenye kifua, na kazi yake ni kuwatumikia wengine. Uzuri wake ni kwamba ndani yake waweza kutengeneza kompyuta nyingine ambazo hazipo. Ukifungua chuma hutaziona. Lakini kila moja yaamini ina diski yake, ina kumbukumbu yake, na iko peke yake duniani, kama mtoto wa kidato cha kwanza.

Ustadh alitengeneza tano. Moja ya Naibu mkuu wa shule, ya alama za mitihani. Moja ya maktaba. Moja ya kamera za langoni. Moja ya jikoni. Moja yetu sisi kidato cha nne, ya miradi ya mtihani wa taifa. Hizo kompyuta zaweza kuwa za kudhania, ila diski ni ya chuma na ina mwisho. Kwa hiyo ilibidi apange kila mashine ipate fungu la ukubwa gani.

Sijaona mtu akipanga diski kwa heshima namna ile. Alizunguka shule nzima akiuliza. Kwa askari wa kamera: "Picha zako wazihifadhi siku ngapi kabla ya kuzitupa? Na mchana wa kelele zaongezeka?" Kwa maktaba: "Vitabu vyako vyazaana?" Kwa Mama Jikoni, mpishi wetu mkuu: "Una nini cha kuhifadhi?" Mama Jikoni akasema ana maharagwe. Ustadh akamwekea fungu, kwa sababu aliulizwa akajibu, na aliyejibu ana haki.

Naibu yeye hakusubiri kuulizwa.

"Mimi niwekee nusu," akasema.

"Alama za shule hii zaingia kwenye kikombe, Naibu."

"Niwekee tu. Ya baadaye."

Wakavutana siku nzima, Ustadh akampa robo.

Darasani alitufundisha kwa kutumia hilohilo. Kila mashine akaikatia diski mbili, moja ya mfumo wenyewe, nyingine ya vitu vya watu. "Chumba cha kulala na ghala visiwe kimoja," akasema. "Ghala likijaa, mwenye nyumba asikose pa kulala." Kisha akatuonya kwamba kwenye seva ile fungu likishakatwa hukuzwa, halipunguzwi. Ukimpa mtu kingi mno, hutaweza tena kumkata pembeni. Itabidi ulifute fungu zima na kila kilichomo. Kwa hiyo fikiri kabla ya kutoa. Tuliandika. Riziki akanyoosha mkono.

"Abee, Riziki."

"Ustadh, abee nasema mimi."

"Sema basi."

"Ukishawapa wote, hicho kinachobaki utakifanyia nini?"

Ustadh akamtazama kama aliyeulizwa chakula cha mchana atakula saa ngapi usiku.

"Hakibaki," akasema.

Na hakikubaki. Alikuwa ameshuhudia ndugu wakishikana mashati kwa ajili ya kiwanja kilichoachwa "tutakuja kukigawa baadaye", na aliamini kitu kisicho na mwenyewe huzaa ugomvi. Akaigawa diski yote mpaka ukingoni. Yeye mwenyewe hakujiwekea chochote, kwani mgawaji hali. Akarudi nyumbani akalala, nadhani, usingizi mzuri sana.

Sasa miradi. Kila mtahiniwa wa kompyuta hutengeneza mfumo wake mwenyewe, na alama zake huingia kwenye mtihani wa taifa. Riziki alitengeneza mfumo wa kliniki ya watoto, wenye rangi na kila kitu. Mimi nilitengeneza mfumo wa kusajili mbuzi wanaozurura Mtopanga: rangi, pembe, mwenyewe, na mahali anapopenda kulala, ambapo kwa kawaida ni katikati ya barabara. Watu walicheka, lakini ulifanya kazi. Na kwa kuwa flashi ni mswaki, miradi yote ilikuwa kwenye seva na hakuna kwingine.

Wiki ya kuituma, Jumanne asubuhi, Ustadh alitaka kuifanyia mashine yetu marekebisho madogo. Ni mtu wa tahadhari. Kabla ya kuigusa mashine, huipiga picha. Hii si picha ya kamera. Waiambia seva ikumbuke mashine ilivyokuwa, ili ukiharibu urudi nyuma. Tangu hapo kila badiliko jipya huandikwa pembeni. Na pembeni panataka nafasi. Na pembeni ndiko alikokuwa amekugawa.

Makombo yalikuwepo, maana hata kisu kikali huacha chembe. Picha moja ingeweza kujibana humo. Lakini Ustadh aliona si uadilifu kuipiga picha mashine moja na kuziacha nne. Akazipiga zote tano.

Kufika saa sita mchana, makombo yalikwisha na mashine zote zikasimama. Maktaba ikasimama, kamera zikasimama, maharagwe yakasimama. Kwenye skrini yangu kulikuwa na mbuzi mmoja mweupe wa duka la pembeni, ameganda, na kila nilichobonyeza hakikumwondoa. Riziki alikuwa akibonyeza kitufe kimoja tu, taratibu, kama anayeamsha mgonjwa.

Darasa likatutuma mimi na yeye kwa Ustadh. Tulimkuta ofisini kwa Naibu, wakatuacha tusimame mlangoni.

"Zimepotea?" Riziki akauliza, hata shikamoo akasahau.

"Hazijapotea," Ustadh akasema. "Zimekosa pa kupumua, na hata kuziondoa zile picha kwataka nafasi. Pakipatikana nafasi zitaamka. Lazima fungu moja lifutwe."

Nikaona bora nichangie. "Ustadh, lifutwe la kamera."

"Wewe wataka miradi ipone au ushahidi upotee?"

"Vyote viwili, Ustadh."

Ustadh akamgeukia Naibu. "Lako lina nafasi tele. Tuhamishe hizo alama kwenye kompyuta yako ya mezani, kisha tulifute."

"Ustadh, hilo fungu ni langu?"

"Ni lako."

"Ni wewe ulinipea?"

"Ni mimi."

"Basi." Naibu akaegemea kiti. "Sikiza, ndugu yangu. Hii maneno ni rahisi. Sema seva ni mzee, imekufa. Ilikuja mzee, nani atabisha? Tutaandikia wenye mtihani barua, tuombe watoto waongezewe siku, wafanye upya."

"Upya?" Riziki akasema. Ulikuwa mradi wa miezi.

"Seva haina kosa," Ustadh akasema.

"Seva haina familia pia. Haitaudhika. Lakini wewe una jina. Si Jumamosi unaenda Kiembeni kugawa zile nyumba saba za mwenye mabasi? Watu wakisikia umeshindwa kugawa kompyuta, nani atakupea nyumba saba?"

Ilikuwa kweli, na wote mle ndani tulijua ni kweli. Kugawa mirathi hakuna cheti ukutani. Kuna jina tu, na jina lake lilisimama juu ya neno moja: hajakosea. Nikamwangalia Ustadh, nikitarajia aseme jambo kubwa. Alitoa ile brashi yake akaanza kufuta vumbi kwenye meza ya Naibu, meza isiyo yake, upande mmoja kisha wa pili.

"Nikisema imekufa," akasema mwishowe, "siwezi kumwomba mtu fungu lake. Nitamwomba kwa ajili gani? Na nikimwomba kwa uongo akanipa, ridhaa ya aliyedanganywa si ridhaa."

"Si ufute tu moja!" nikasema. "Usiku, kimya kimya. Nani atajua?"

"Mwenyewe," akasema. Sikujua kama anamaanisha mwenye fungu au Mwenyezi, na sura yake haikunialika kuuliza.

Jumatano kwenye paredi alipanda pale mbele. Alisalimia Waislamu, akasalimia Wakristo, akawajulia hali wazazi wetu. Akamaliza na bibi zetu.

"Seva haikuharibika," akasema. "Mimi ndiye niliyeigawa, na niligawa vibaya. Mtu akifa, kabla ya warithi kupewa kitu, hutolewa kwanza gharama za kumzika. Hilo nawafundisha wazee wazima. Mimi niliwagawia warithi kila kitu, marehemu akabaki hana sanda. Nimekosea."

Wa vidato vya chini walicheka, kwa sababu walidhani kuna maiti kwenye chumba cha maktaba. Walimu hawakucheka. Mwalimu mmoja, ambaye mjomba wake aligawiwa shamba na Ustadh miaka iliyopita, niliona kabisa anaanza kulipima upya lile shamba kichwani.

"Namwomba mwenye fungu mmoja alisamehe, watoto hawa wapate miradi yao. Asiyetaka ana haki yake."

Askari wa kamera akasema yeye si wa kuamua. Mwalimu wa maktaba akasema vitabu ni amana. Naibu alikuwa ameona kitu mawinguni. Riziki kando yangu alikuwa ameshika sketi yake kwa ngumi mbili.

Sauti ikatoka nyuma, kwenye mlango wa jikoni. "Chukua langu mimi!"

Ni Mama Jikoni, mwiko mkononi, leso kiunoni.

"Lina nini ndani?" Ustadh akauliza kutoka mbele.

"Si uliniwekea wewe? Lina maharagwe. Niliyopokea na niliyopika."

"Likifutwa halirudi. Utayakumbuka?"

"Ai, Ustadh! Maharagwe si nayaona? Yako pale kwenye gunia!"

Hapo shule nzima ikacheka, walimu pia. Ustadh hakucheka. Akashuka, akatembea mpaka mlango wa jikoni, akamuuliza mara tatu kama ameridhia, mbele ya mashahidi wawili, ikawa kama tuko kwenye akadi ya ndoa. Mara ya tatu Mama Jikoni akamwambia, "Baba, uji unaungua." Ustadh akaihesabu kuwa ni ndiyo.

Fungu la jikoni lilikuwa dogo kuliko yote, na lilitosha. Akaziondoa zile picha moja baada ya moja, kwa foleni, na alasiri mashine zikaanza kuamka. Kliniki ya Riziki ikafunguka na rangi zake. Alilia kidogo, akaniambia ni vumbi. Mbuzi wangu wote walikuwepo, pamoja na mmoja ambaye kusema kweli alikuwa ameshaliwa Idi. Ijumaa miradi yote ya darasa letu ilitumwa, kila mmoja na wake.

Jumamosi Ustadh hakwenda Kiembeni. Wana wa mwenye mabasi walimpigia simu kwa adabu nyingi, wakamwambia wamepata mtu mwingine asije akasumbuka. Jumamosi iliyofuata hakuitwa kokote, wala iliyofuata hiyo. Akawa anakuja shuleni siku hizo, siku ambazo watahiniwa tuna masomo ya ziada. Aliigawa seva upya, safari hii akianza kwa kutenga kipande kikubwa kisicho cha mtu. Kila akipita mlango wa chumba kile alikuwa akiingia kukiangalia kile kipande, kama mtu mwenye jino bovu. Mama Jikoni alirudishiwa fungu, kubwa kuliko la kwanza. Mpaka leo hajaweka humo hata punje.

Mimi, mzaha wote nilionao, nilijaribu kutunga mmoja kuhusu kukosea kwake, na haukunoga. Niliujaribu kwa Riziki, akafungua daftari lake.

Jumamosi moja, muhula huu wa mwisho, askari wa langoni aliniita nimsindikize mgeni. Alikuwa bibi wa makamo, buibui, mkoba kwapani, amekuja kutoka Port Reitz, amevuka kisiwa kizima kwenye jua lile.

"Shikamoo, bibi. Wamtaka nani?"

"Marahaba, mwanangu. Namtaka yule mwalimu aliyekosea."

Walimu waliokosea shuleni kwetu ni wengi, lakini nilimuelewa. Njiani akanieleza bila kuulizwa kwamba mumewe amefariki, kuna nyumba, na wanawe wa kiume wameleta mgawaji wao. "Wasema hajakosea maisha yake yote, hata akiulizwa hataki kurudia hesabu. Mimi, wallahi, mtu huyo namuogopa. Nitamwambiaje kuwa thumni yangu haikutimia?"

Ustadh alikuwa maabara, amepiga magoti chini ya meza, akifunga nyaya. Nilibisha hodi. Akatoka chini huko na vumbi kwenye kofia, akaanza kusalimia, na salamu zake si unazijua, lakini bibi hakumpa nafasi ya kufika kwa wazazi.

"Ni wewe uliyekosea kugawa ile mashine, ukasimama ukasema mbele ya watoto?"

Darasa zima la masomo ya ziada lilikuwa limejaa dirishani. Ustadh akatutazama, akamtazama bibi, akafuta mikono kwenye kanzu.

"Ndimi," akasema, akamvutia kiti.